Labeka ya Kadija

Kilichoanza ni harufu. Matope ya ziwa, yale ya chini kabisa, yalinuka kutoka kwenye spika ya redio ya Zeituni, tena huko Mamboleo, ambako mtu akitaka maji ya ziwa hana budi kushuka hadi mjini. Zeituni aliipangusa redio kwa kitambaa, akaendelea na kazi zake. Ilikuwa redio ndogo ya kuzungumzia, ya kuenea kwenye kikapu cha sokoni, lakini kwa betri ya gari ilimfikisha Bujumbura na Lusaka kabla chai yake haijapoa. Leseni ilikuwa yake mwenyewe, ya mwaka wa tisini na moja, na wanaume waliofanya naye mtihani walijua nani aliongoza.

Jumanne alasiri, Zeituni akiwa uani anakaza waya wa antena, redio ilimwita bintiye kwa jina. Kadija alikuwa na miaka saba na adabu zake: mkubwa akiita, huitikiwa. Alibonyeza kitufe cha maikrofoni kama alivyozoea kumwona mama yake, akasema, "Labeka." Tangu hapo kila alipofungua mdomo ilitoka pumzi tupu, na sauti yake ikawa inatoka redioni, ikimbembeleza mama aende ziwani.

Maalimu Obeid, aliyeitwa kumtoa jini, alimsomea mtoto Kurani siku mbili, akachoka, akaagiza redio ikatupwe. Jirani yao Dishon, aliyekuwa akichaji betri za watu pale njia panda, aliona hilo ndilo la maana.

"Mama Kadija, hii kitu toa kwa nyumba," alinong'ona mlangoni, betri mkononi. "Mimi hata kuiangalia sitaki."

"Nikiitupa, sauti ya mtoto wangu inaenda nayo."

"Na ikikuita wewe?"

"Leo mimi ndio naita. Lete betri."

Zeituni alikuwa amegundua jambo ambalo maalimu hakulijua. Redioni, aliyebonyeza kitufe ndiye msemaji, na mwenzake hungoja hata awe nani. Siku zote tatu jini huyo hakuwahi kusema kidole cha Zeituni kikiwa kwenye kitufe.

Akamkalisha Kadija kwenye mkeka, akajifunga kanga kiunoni, akabonyeza. "Wewe uliyemo humo, mimi Zeituni nakuita. Jibu kwa sauti yako."

Akaachia. "Mama," sauti ya Kadija ikasema. Akabonyeza, akaikata.

Akaita tena, akaachia, sauti ikalia mama nasikia baridi, akabonyeza, na kila alipobonyeza roho ilimuuma kwa kuwa alikuwa akimkatiza mwanawe kwa kidole chake mwenyewe, na kila alipoachia harufu ilizidi, maji meusi yakatiririka kutoka kwenye matundu ya spika yakalowesha daftari na meza, maikrofoni ikapata moto ikamchoma kiganja, Dishon akawa anaomba Mungu kwa Kijaluo huku ameshikilia mlango, naye Zeituni akaita mara thelathini, mara arobaini, kwa machozi na kwa ujeuri wote aliozaliwa nao.

Mwisho alibonyeza bila kuachia. "Sauti ya mwanangu nitaikata mpaka Kiyama," alisema polepole. "Nitakayoisikiliza ni ya kwako tu." Ndipo akaondoa kidole.

Kisha ikaja sauti nzito, kuukuu, kama ya mtu mwenye maji kooni.

"Labeka."

Dishon alitimua mbio. Kwenye mkeka, Kadija akauliza, "Mama, nani huyo?"

Zeituni alitaka kumkumbatia papo hapo, lakini alijizuia. Ameitika, basi atatii. "Toka nyumbani kwangu," aliamuru, na harufu ikakatika kabla meza haijakauka. Ndipo akamkumbatia binti yake, akalia mpaka akaridhika.

Redio hakuitupa. Hadi leo, kila akiiwasha alasiri, kabla Bujumbura hawajaingia, mbali sana nyuma ya mvumo kuna mtu hukohoa kidogo, akingoja kuitwa. Zeituni humwacha angoje.