Mapipa ya Mwisho ya Mzee Firmin

"Umeyajaza yote?"

"Yote manne," Solenne alisema, akijifuta mikono kwenye aproni. "Yalikuwa yamepungua mno, Thibaud. Nimeyajaza hadi mdomoni."

Alingoja ashukuriwe. Thibaud alizibua pipa la kwanza, akamulika ndani kwa simu, kisha akakaa kwenye sakafu ya mawe.

Kwao Solenne, kule Volnay katika Burgundy, mtoto hukua akijua jambo moja: pipa likipungua, hujazwa. Zabibu zao za pinot, zinazoota kwenye miteremko ya chokaa, hutoa divai laini isiyovumilia hewa. Ukiiachia nafasi, inageuka siki. Lakini hapa Arbois, chini ya milima ya Jura, zabibu za savagnin huota kwenye udongo mzito wa kijivu, huchumwa baridi ikiwa imeshaingia, na divai yake huachwa ipungue pipani kwa miaka sita na ushei. Juu yake huota utando mweupe unaoilinda, na utando huo hauguswi. Ukizama, kazi yote imekwenda.

Na yale yalikuwa mavuno ya mwisho ya mzee Firmin, baba yake Thibaud, aliyefariki miaka sita hivi iliyopita, kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka. Yalikuwa yamebakiza miezi michache yatiwe kwenye chupa.

Mama yake Thibaud, Huguette, alishuka ngazi za ghala la divai akauliza kuna nini. Thibaud alimwonyesha pipa. Mama akachungulia pipani mwenyewe. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Solenne.

"Kule makaburini tulipeleka mwili tu," Huguette alisema. "Mwenyewe alikuwa humu. Umemfukua, binti. Mfukua makaburi wewe."

"Mama, sikujua. Kwetu sisi..."

"Kwenu ni kwenu. Nani alikuruhusu kuingia huku nyuma?"

Solenne akamgeukia Thibaud. Asubuhi ile ile, akienda kupogoa mizabibu, Thibaud alikuwa amempa ufunguo na kumwambia ayaangalie mapipa ya nyuma, ayatunze kama ya kwao. Maneno yenyewe yalikuwa hayo. Sasa angeyasema, na mzigo wangeubeba wawili.

Thibaud alitazama sakafu.

"Sijui, mama," alisema.

Solenne alipanda ngazi. Gauni la harusi lilikuwa limetundikwa mlangoni. Jumamosi walikuwa waende kwa meya kufungishwa ndoa. Aliliacha pale pale, akachukua mkoba wake na kuita teksi impeleke kituo cha treni cha Mouchard.

Alikuwa ameketi jukwaani, macho yamemvimba, ujumbe ulipoingia.

"Sole uko wapi? Nimekosa, nisamehe."

Akajibu: "Umekosa nini? Andika."

Hakuandika. Alipiga.

"Niliogopa," Thibaud alisema. "Tangu baba afe, mama amekuwa kama kioo chenye ufa. Nilidhani nikisema ni mimi, atapasuka."

"Kwa hiyo ukaona bora nipasuke mimi."

"Sole..."

"Ngoja nimalize. Divai nimeiharibu mimi, na hilo nitalibeba mpaka nife. Lakini wewe ulisema hujui. Jumamosi nitaolewa na nani, Thibaud? Siku mtoto wetu akiungua jikoni, utasema hujui?"



"Nifanye nini? Sema, nitafanya."

"Usiniulize mimi. Uliyemdanganya yuko jikoni kwenu."

Treni ya Dijon ilisikika ikija. Solenne alisimama, simu sikioni, bila kujua anangoja nini. Hakukatiwa. Alisikia viatu vikipita uani, mlango, kisha sauti ya Thibaud.

"Mama, ni mimi niliyempa ufunguo. Nilimwambia ayatunze kama ya kwao, nisimweleze ya kwetu. Na ulipouliza, nikamkana."

Treni ilifika, ikafungua milango. Watu wakashuka, wakapanda. Kule Arbois kiti kiliburutwa, na Solenne akaweka mguu mmoja kwenye kidato cha behewa.

"Nipe hiyo simu," Huguette alisema. Kisha, karibu kabisa: "Solenne?"

"Ndiyo, mama."

"Divai imekufa. Sitakudanganya kwamba haijafa, wala kwamba sitaililia." Alipumua. "Lakini nimekuita mfukua makaburi, kumbe mwanangu ndiye aliyekupa jembe. Neno likishatoka halirudi. Njoo na wewe unitukane, tuwe sawa."

Solenne alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Kondakta wa treni alimuuliza kama anapanda. Akatikisa kichwa, akaushusha mguu.

"Njooni mnichukue," alisema. "Wote wawili. Thibaud peke yake simpandii gari."