Ulingo wa Mzee Nizigama

Kirezi alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila alipotoka shule alikuwa na kazi moja: kupanda kilima nyuma ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, kuchuna maganda ya miti ya miyombo, na kuyaleta nyumbani yakiwa bado mabichi. Wasichana wenzake walichota maji wakapumzika. Yeye alichota maji, kisha akapanda kilima. Alinung'unika sana, na kwa kweli njia ilikuwa ndefu.

Baba yake, Nizigama, alikuwa fundi wa ulingo. Ulingo ni jukwaa la fito linalofungwa juu ya mti. Mwindaji hukaa pale na mkuki wake, akiwangoja nguruwe pori wanaokuja kuharibu mahindi. Kazi hiyo Nizigama aliijua tangu kwao Burundi. Mwaka wa 1995, mfumu, yaani mkuu wa kijiji jirani, alimruhusu kujenga ulingo kandokando ya mashamba ya wanakijiji. Nguruwe akiuawa, nusu ya nyama ilibaki kijijini na nusu ilikwenda kambini. Kwa watu waliokula maharage ya msaada mwezi hadi mwezi, hiyo nusu ilikuwa sikukuu.

Misumari hakuwa nayo. Kila kitu kilishikwa na kamba za maganda, na baba alikuwa amemweleza Kirezi habari zake zaidi ya mara moja.

"Sikia, mwanangu. Kule nyumbani tulifunga kwa nyuzi za mgomba. Zikikauka unazilowesha, unazitumia tena. Huku si vile. Ganda hili ukilifunga bichi, jua linalikaza na linabana fito vizuri. Likishakauka mara moja, limekwisha. Hata ulilowekeje, halibani tena. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia. Hapa sina namna ya kumtetea.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1996, baba alitaka kamba ishirini za ulingo mpya. Siku hiyohiyo kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Kwaya ya kanisa ilialikwa kuimba mtaa wa Area 25, mjini Lilongwe, na asiyefika mazoezini asingechaguliwa. Kirezi alikitazama kilima. Halafu akazitazama kamba kuukuu za ulingo wa mwaka uliopita, zilizotupwa nyuma ya nyumba. Akazitia kwenye beseni la maji, akazipaka udongo kidogo zionekane mbichi, akafunika kwa gunia na kukimbilia kanisani. Kama nyuzi za mgomba zinarudi, alijiambia, na hizi zitarudi.

Asubuhi zilikuwa laini na nyeusi, mbichi kabisa kwa macho. Mvua ilikuwa inanyesha na baba alikuwa na haraka. Alizipokea, akazitupia begani.

"Asante sana, mwanangu. Umejitahidi."

Hakuzikagua. Hakuwahi kumkagua Kirezi hata siku moja.

Aliyekuwa apande ulingo huo ni jirani yao Ezechiel, fundi cherehani kutoka Fizi, Kongo. Mchana alishona, mguu wake wa kulia ukikanyaga cherehani tangu asubuhi. Jioni alipenda kuwinda. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mizaha.

Ulingo ulifungwa siku hiyohiyo. Mvua ilikatika, jua likawaka siku tatu mfululizo. Jumatatu, saa kumi na moja jioni, Nizigama na Kirezi walimsindikiza Ezechiel mpaka chini ya mti.

"Nizigama, ulingo hii iko nguvu kupita nyumba yangu!" Ezechiel alicheka. "Siku moja nitahamisha bibi na batoto, tukae huku juu."

Akaanza kupanda. Kirezi aliona kamba moja imelegea kwenye panda ya mti, ikining'inia. Neno moja lingetosha: shuka. Lakini akishuka, baba angeuliza kamba zilitoka wapi. Kirezi alinyamaza. Ezechiel akakanyaga fito za katikati, akageuka ili akae, na fito zikateleza zote kwa pamoja.

Alianguka juu ya mguu wake wa kulia. Kilio alichotoa kiliwafikia hata waliokuwa wakipalilia bondeni.

Walimbeba kwa fito zilezile za ulingo, wamezifunga kwa kitenge, mpaka zahanati ya kambi. Kutoka hapo gari lilimpeleka kwa njia ya Lumbadzi hadi hospitali kubwa ya Lilongwe. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika mara mbili.

Maneno hayakuchelewa. Kambini walisema Nizigama alifunga kamba akiwa amelewa, yeye ambaye hakunywa pombe. Kanisani alikuwa shemasi. Wazee walimwomba apumzike kwanza. Mfumu alituma mtu kumwambia asikanyage tena mashamba yao. Nizigama hakujibizana na mtu. Alikaa mlangoni akiitazama mikono yake, akirudia jambo moja kwa mkewe, Vénérande: "Nilikosea wapi? Mama Kirezi, nilikosea wapi?"

Kirezi alisikia yote, na chakula kilimshinda. Safari ya Area 25 ilipofika, alisema anaumwa tumbo.

Jumamosi iliyofuata baba yake alimchukua wakaenda Lilongwe kumwona mgonjwa. Ezechiel alikuwa amelala, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito. Mkewe Kabibi alikuwa amekaa chini kando ya kitanda. Hakuinuka kuwasalimu.

"Mzee Nizigama," alisema, "daktari anasema huu mguu utabakia mufupi. Cherehani atakanyaga na nini? Batoto bane watakula nini? Ni we ulifunga ile kamba."

Nizigama alivua kofia. "Ni mimi nilifunga, mama. Ninakuomba msamaha. Kosa ni langu."

Hapo Kirezi hakuweza tena.

"Si baba!" alisema kwa sauti iliyowageuza wagonjwa wengine. "Kamba zilikuwa za zamani. Sikwenda kilimani. Nililoweka za mwaka jana nikampa, nilikwenda kwaya. Na siku ile niliona moja imelegea, nikanyamaza."

Kabibi alijifunika uso kwa kitenge. Baba aliweka mkono ukutani. Kirezi alipiga magoti, akalia.

"Usilie," Ezechiel alisema mwishowe. Mizaha ilikuwa imemwisha. "Machozi haiungi mufupa. Sikiliza. Mi nilipopanda, sikuangalia kamba. Mutu anayepanda hawezi kufungua kila fundo aangalie ndani. Anapanda juu ya ukweli ya ule aliyeleta kamba. We ulinipandisha juu ya uongo. Leo umesema, ni vizuri, baba yako atapata jina lake. Lakini mi sitapata mguu. Ujue hivyo vyote viwili."

Kirezi aliyarudia maneno yake mbele ya wazee wa kanisa, kisha mbele ya mfumu, akisimama peke yake huku baba akingoja nyuma. Mfumu alimsikiliza hadi mwisho, akasema "zikomo", yaani asante, kwa sauti ndogo, na Nizigama akaruhusiwa kurudi. Wazee walimrudishia ushemasi. Ezechiel alipotoka hospitali, alijaribu kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto. Nyonga ikamuuma mpaka jasho likamtoka. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya shule, Kirezi alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono huku Ezechiel akiongoza kitambaa. Walishona bila maongezi.

Mvua zilipoanza tena mwishoni mwa mwaka, baba alitaka tena kamba. Kirezi alipanda kilima mwenyewe, bila kuambiwa mara mbili, akarudi na mzigo wa maganda yanayotiririka maji.

Nizigama alikaa chini. Alizichukua kamba moja moja, akazikunja, akazinusa, akavuta kila moja kwa nguvu zake zote. Ishirini zote. Kirezi alisimama mbele yake akingoja.

"Ni mbichi," baba alisema. "Mwanangu, nilikusamehe kulekule hospitali. Lakini kusamehe ni jambo moja, kukuamini ni jingine. Kusamehe nilifanya kwa siku moja. Kukuamini kutanichukua muda, na sijui ni muda gani. Utaendelea kuleta, nami nitaendelea kukagua."

"Ndiyo, baba," alisema Kirezi.

Akamshikia kamba ya kwanza, na baba akaivuta tena kabla ya kuifunga.