Injini Iliyopoa
Haya alinisimulia Anselmo, rafiki yangu, aliyeacha udereva mwaka 1974.

Alikuwa akipeleka mahindi Mpanda kutoka Sibwesa. Mchana wa jua kali, injini ya lori ikachemka, rejeta ikakauka. Kando ya barabara alimkuta mzee na debe la maji, akinywa kwa kata. Anselmo akayaomba yote.

“Ngoja nimalize kunywa, mwanangu.”

Anselmo hakungoja. Alimpiga spana ya kichwa mara tatu, mfupa ukalia, akamsukumia mtaroni huku maji yakimtoka mdomoni. Kisha akalimimina debe lote kwenye rejeta, bila hata kusubiri injini ipoe.

Kuanzia hapo alipanda milima yote na mshale wa joto haukuinuka. Kwenye gereji ya Nsemulwa, mjini Mpanda, fundi Thadei, alipoambiwa injini ilimiminiwa maji baridi ikichemka, alitarajia kukuta silinda hedi imepasuka. Akagusa injini, akaurudisha mkono haraka.

“Gari hii imetoka Sibwesa kweli? Mbona baridi kama mtungi?”

Wakazima. Thadei akafungua kifuniko cha rejeta, wakainama kuchungulia. Ndani giza tupu. Halafu, chini kabisa, wakamsikia mtu akinywa maji, funda baada ya funda, bila haraka.