Karata za Boksi la Sabuni

— Hivi vikaratasi vya nani? — Milton aliuliza, akiokota kimoja mezani.

Latifo alivitazama, uso ukamwaka moto. Vilikuwa vya mchumba wake, Ancha, aliyekuwa jikoni na mama yake Latifo. Latifo na Ancha walikuwa wakikata maboksi ya sabuni kwa ukubwa wa karata, wakiandika kwa penseli ili kanuni isiyofaa ifutwe. Mchezo wa soko la samaki: huyu anauza, yule ananunua, barafu inayeyuka. Na Milton, rafiki yake wa tangu shule, sasa alikuwa na kazi Pemba kwenye projeto, mradi wa michezo ya watoto. Ndiye waliyetaka kumwonyesha! Lakini Latifo aliona maandishi ya sabuni mgongoni mwa karata, akaona haya.

— Vya watoto wa jirani, — akajibu.

Milton akacheka, akakitupa.

Ancha alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini polepole.

— Karibu, shemeji.

Akaziokota karata zake moja moja, akaenda kwao.

Latifo alimwandikia: "Nisamehe. Niliona aibu mbele ya mgeni."

Jibu likaja: "Nikikuzalia mtoto asiye mzuri, naye utasema wa jirani?"

Kulipokucha akampigia Milton.

— Jana nilikudanganya. Mchezo ule ni wa Ancha. Mimi nilishika mkasi tu.

— Eh pá! Sasa ulificha nini? Hata sisi tunaanza na makaratasi. Ukiwahi kuchapisha, umechapisha na makosa. Nipeleke.

Walimkuta Ancha barazani na mama yake, Bi Dalila. Latifo alibaki amesimama.

— Shikamoo, mama. Jana nilimkana mwanao. Nilisema kazi yake ni ya watoto wa jirani.

Bi Dalila akampa kisogo. Milton akaomba kuuona mchezo. Ancha akamgawia karata, uso mkavu. Walicheza wawili, Latifo bado amesimama, na kila mara aliyeanza ndiye aliyeshinda.

— Hapa pana kasoro, shemeji, — alisema Milton.

Ancha akafuta, akaandika upya: anayeanza asiuze samaki mzunguko wa kwanza. Wakarudia. Safari hii Milton, aliyeanza, akashindwa, akapiga makofi.

— Njoo Pemba uwaonyeshe wenzangu. Hivi hivi, na maboksi yako.

— Nitakuja na mama.

Latifo akainama. Yeye hakutajwa. Milton alipoaga, Bi Dalila akafungua kinywa:

— Mwanangu, mwanamume anayekukana nyumbani, sokoni atakuuza.

Machozi yakamtoka Latifo mbele ya mkwewe. Hakuyafuta.

— Mwache, mama, — Ancha akasema. — Kuja kujiumbua mwenyewe mbele yako si kazi ndogo. Latifo, sijakuacha. Ila siku ya harusi nitaitaja mimi, moyo ukipoa.

— Nitangoja.

— Basi kaa, unywe chai.

Akakaa. Kikombe alikipokea kwa mikono miwili, na macho hayakuthubutu kupanda juu ya vidole vya Ancha.