Karatasi Iliyonyooshwa

Asubuhi ya kwanza ulikuwa mstari mmoja tu, umekata katikati ya paji la uso la Soumaya, binti wa miaka minane. Mama yake, Houda, alidhani ni alama ya mto. Adhuhuri ilifika haujatoka, na mtoto alikuwa ananuka wino mbichi.

Tajudini, babake, hakujali. Mtaa mzima wa Buyenzi ulimjua kwa wazimu wake wa karatasi kuukuu: risiti za kodi za enzi za Wabelgiji, barua, vyeti vya ndoa. Watu walimcheka, naye akawacheka wao wanaofungia sambusa historia. Wiki ile alikuwa amenunua sanduku la bibi mmoja marehemu, na ndani akakuta hirizi ya ngozi. Hirizi ya marehemu hutupwa mto Ntahangwa bila kufunguliwa, kila mtu mtaani anajua. Tajudini akaipasua. Mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara saba. Aliilainisha kwa mvuke, akaibana chini ya kioo siku tatu, hata usionekane mkunjo hata mmoja. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, maskini.

Siku ya pili mistari ilikuwa miwili. Siku ya nne Soumaya aliamka magoti yakiwa kifuani, wakashindwa kumnyoosha.

"Papa, kuko mutu ananikunja," alinong'ona.

"Nani?"

"Iko nyuma yako."

Houda alimkimbilia Mwalimu Shakuru, mtaalamu wa majini. Mzee alipofika na kuiona karatasi chini ya kioo, sauti ilimshuka.

"Hii ilikuwa kifungo ya jini. Mukunjo ya kwanza ilianzia wapi? Nionyeshe njia yake, nimurudishe."

"Sijui, Mwalimu. Mi nilitaka tu idumu."

Tajudini akaitoa, akaikunja kwa urefu, ikafunguka. Akaikunja kwa upana, ikafunguka polepole kama kiganja. Akaendelea hivyo huku jasho likimdondoka na udi ukijaza nyumba, na kutoka chumbani ikisikika sauti kavu ya karatasi inayokandamizwa kwa ukucha, na mtoto akiita papa, papa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka akanyamaza.

Shakuru akafunga kitabu chake cha dua. Hakuwatazama.

Walipoingia chumbani, Soumaya hakuwapo; kitandani shuka lilikuwa limetandazwa vizuri. Juu ya mto kulikuwa na hirizi mpya ya ngozi, haizidi kiganja. Tajudini akaiokota. Ilikuwa ya moto, na ilikuwa inapumua.

"Fungua, Papa Soumaya," Houda alilia. "Si ni we unajua kufungua?"

Vidole vya Tajudini vilikataa.