Nyayo za Mguu wa Kushoto

Kila jioni, mgeni wa mwisho akishaonyeshwa choo kilipo na kuonywa asiwashe moto, Mama Reki alichukua reki yake akalainisha mchanga wa ufuko mzima, kuanzia kwenye mawe meupe hadi maji yalipoishia. Hakuwa anapamba. Kasa wakipanda usiku kutaga, alfajiri nyayo zao husomeka vizuri kwenye mchanga uliolainishwa, naye huzihesabu, huandika, kisha huzifuta ili kesho asimhesabu kasa mmoja mara mbili. Miaka kumi na tisa ya kulinda kisiwa kile cha hifadhi ilimfundisha kusoma kila kilichopita: kaa, ndege, hata mgeni aliyekwenda haja vichakani akidhani hakuna atakayejua.

Alfajiri ile alikuta nyayo za mtu. Zilikuwa za miguu peku, zimetoka majini na kupanda moja kwa moja hadi kwenye hema la binti yake, wala hazikurudi. Mama Reki aliinama, akaweka kiganja kando ya unyayo wa kwanza, kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Kidole gumba kilikuwa upande uleule katika kila unyayo. Zote zilikuwa za mguu wa kushoto.

Hema lenyewe halikupaswa kuwa pale. Sheria za kisiwa zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala: mgeni alale nyuma ya mawe meupe, asiwashe moto, asiokote hata kombe, na takataka zake aondoke nazo. Mama Reki aliwahi kumrudisha mheshimiwa mmoja kwa boti ileile iliyomleta, kisa kombe moja mfukoni. Lakini jana mwanawe wa pekee, aliyekuwa likizo ya chuo, alikuja na rafiki yake, akalalamika kwamba nyuma ya mawe hakuna upepo. "Bi Mkubwa, hatua kumi tu. Nani atajua?" Damu nzito kuliko maji. Mama mtu alijifanya anafunga kamba ya boti, na hema likasimamishwa mbele ya mawe.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili alilifanya kwa mazoea tu. Aliogopa wasichana wasije wakaamka wakaona, na mikono yake ilishazoea kwamba kilichosomwa hufutwa. Akafuta unyayo mmoja mmoja hadi majini.

Alipogeuka, binti yake alikuwa amesimama mlangoni pa hema, nywele zikichuruzika maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Reki alijibu. Tangu ajue kusema, mtoto yule alimwita Bi Mkubwa, na shikamoo yake ilikuwa lazima uiombe. "Umeoga baharini saa hizi?"

"Sikumbuki kuoga."

Akatabasamu, akampita kuelekea kando ya maji. Alinuka majivu yaliyomwagiwa maji, kwenye kisiwa ambacho hakijawahi kuwashwa moto kwa miaka kumi na tisa. Mama Reki hakutaka kuangalia chini, lakini macho yake yalishazoea kazi, yakaangalia. Mchanga alioufuta punde ulikuwa na nyayo za kushoto tupu.

Rafiki wa binti, msichana waliyemwita Miwani, alitoka hemani akitambaa. Alimshika Mama Reki mkono, akanong'ona.

"Mama, jana usiku alikuwa anaongea na mtu nje. Nikadhani ni wewe."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Karibu.' Mara moja tu. Kisha akalala. Lakini hakupumua, mama. Nilimsikiliza mpaka asubuhi."

"Nenda kibandani kwangu, mlango wa nyuma. Jifungie. Hata nikikuita mimi, usifungue."

Boti ya kuwachukua wageni ilikuwa ije jioni. Mama Reki alichukua simu ya upepo, akaenda nyuma ya tangi la maji, akamtafuta Kamanda, mlinzi aliyemtangulia na kumfundisha kazi, ambaye sasa alikuwa amestaafu, akiishi bara. Alimweleza kila kitu kwa sauti ya chini, hata lile la hema, kwa aibu.

"Yale mawe sikuyapanga kwa ajili ya kasa peke yao," Kamanda alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekubali kulala huko peke yako? Sikiliza. Yule wa baharini hupanda kutembea tu. Akikuta hakuna mtu mbele ya mawe, hugeuka. Safari hii amekuta mlango, tena amekaribishwa. Lakini hurudi kwa kufuata nyayo zake. Usiziguse, na kabla ya adhuhuri atakuwa ameondoka."

"Nimeshazifuta."

"Basi umemfungia njia," Kamanda alisema. "Mtengenezee nyingine. Saa saba maji yakianza kupwa, mwambie mtoto atembee kutoka hemani hadi bahari imfunike kichwa. Ndani ya maji watatengana. Atakayeibuka mwenyewe bila kuitwa ni mwanao. Wewe usimguse, wala usimwite. Ukiita, atakayeitika kwanza ndiye utakayeondoka naye."

"Na asipoibuka?"

"Ukinyamaza, ataibuka. Naujua uchungu wa mwana, mama. Nyamaza."

Saa saba jua lilikuwa utosini na ufuko ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Mama Reki hakuwahi kuogopa mchana wa jua kali, lakini siku hiyo ndege wote walikuwa wamehamia upande wa pili wa kisiwa, na hata kaa walikuwa wamejificha. Binti alikubali alichoambiwa bila kuuliza, jambo ambalo lilimtisha mama yake kuliko ubishi. Alitembea, na nyuma yake zikabaki nyayo za kushoto, moja baada ya nyingine, akaingia maji hadi magotini, hadi kiunoni. Hapo akasimama, akageuka, na uso ulikuwa wake kabisa, ule wa utotoni alipoamshwa na ndoto mbaya.

"Bi Mkubwa," alisema. "Naogopa."

Mama Reki aliuma kola ya sare yake.

"Bi Mkubwa, kuna kitu kinanishika mguu. Niite basi. Hata mara moja."

Aliuma mpaka akasikia ladha ya damu, na binti akaendelea kurudi nyuma, maji yakafika kifuani, shingoni, kidevuni, macho yakimtazama mama yake mpaka nayo yakafunikwa, kisha bahari ikatulia kana kwamba haijawahi kuingiwa na mtu, na Mama Reki akaanza kuhesabu pumzi zake, kumi, ishirini, arobaini, akijiambia nyamaza, nyamaza, akihesabu sitini, akiwaza kwamba Kamanda ni mzee na wazee husahau, sabini, themanini, na hakuna hata povu, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mwanangu, rudi!"

Kichwa kiliibuka papo hapo, si kule kilikozama bali karibu kabisa, kwenye maji ya magoti. Mama Reki alikimbia bila kuvua viatu. Alimkumbatia, akalia, akambusu nywele, akamwomba msamaha kwa kuchelewa. Mikono ya baridi ilimzunguka mgongoni, vidole vikafungana.

"Nipo, mama," sauti ilisema sikioni mwake, na harufu ya majivu mabichi ikampanda puani.

Ndipo kule mbali, maji yanakoanza kuwa ya buluu, mtu aliibuka akikohoa na kupigapiga mikono, huku maji yanayopwa yakimvuta kuelekea kilindini.

"Bi Mkubwa!" aliita. "Bi Mkubwa, niko huku! Huyo uliyemshika ni nani?"

Mama Reki alijaribu kujinasua. Mikono iliyomkumbatia haikuachia.