Sweta Lisilo na Shingo

Siku kipande alichokiandika Kimya kilipoachwa ndani ya mfumo wa kompyuta, waliokuwepo ni hawa. Mzee wa Simu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ujana wake wote aliumaliza juu ya nguzo za simu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi. Mpiga Chapa, mwenye duka la mihuri na kadi za harusi, mtu wa mizaha. Waya, fundi wa redio, ambaye hakupewa jina hilo kwa wembamba wake, kama wengi walivyodhani, bali kwa sababu utotoni hakuweza kupita penye kipande cha waya bila kukiokota. Na dada yake Waya, Mama Sindano, mfumaji wa masweta ya shule. Huyu hakuwa mwanakikundi, ila chumba kilikuwa chake na kompyuta ilikuwa yake. Kiti cha tano kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Kimya, na Kimya walikuwa wamemzika mwezi uliotangulia.

Kampuni iliyotengeneza kompyuta za aina ile ilikuwa imezitupa mkono zamani. Anayetaka mfumo mpya na anunue kompyuta mpya, ndivyo walivyojibiwa. Basi kikundi, pamoja na wenzao wa miji mingine waliojuana nao kwa kuandikiana tu, kilikuwa kikijitungia mfumo chenyewe, kipande kwa kipande, ili zile kuukuu ziendelee kufaa. Kwa wanaume hao watatu ilikuwa burudani ya Jumamosi. Kwa Mama Sindano ilikuwa ugali na ada za watoto. Mashine yake ya kufuma ilielewana na kompyuta ile peke yake, kama mume na mke wazee wanaosemezana kwa kukohoa. Kila alipoiunganisha na kompyuta mpya ya kuazima, ilikaa kimya kama bubu.

Kikundi kilikuwa na sharti moja lililowekwa tangu mwanzo. Kila kipande cha mfumo kiwe na mwenyewe, na jina lake la utani liandikwe juu yake, ili kikikosea awepo wa kuitwa. Mtu akijitoa au akifa, kipande chake hung'olewa na walio hai hukiandika upya kwa majina yao. Hapakuwa na mzaha juu ya hilo, hata kwa Mpiga Chapa.

Lakini kipande cha Kimya kiliwashinda. Ndicho kilichosimama kati ya kompyuta na mashine yoyote iliyofungwa nayo, kikiipa kazi na kuingoja imalize. Kimya alikileta kimekamilika, bila kosa hata moja, na hapakuwa na aliyeweza kukisoma. Waya alisema ukikitazama mstari mmoja, macho yanateleza kwenda mwingine. Majirani wa Kimya walikuwa wakisimulia kwamba mlango wake ukifungwa zilisikika kibodi mbili zikigongwa, naye alikuwa na moja. Mpiga Chapa alisema basi jamaa ameoa kwa siri, na wote walicheka.

Walijaribu kukiandika upya wakashindwa. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na Mama Sindano alikuwa na oda kubwa. Ndipo Mzee wa Simu alipoamua kiachwe kama kilivyo, lifutwe jina tu. Waya alinung'unika, kisha akafuta. Kwa hiyo kipande kile kikaingia kazini bila mwenyewe.

Sweta la kwanza lilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake kwa kiasi cha kiganja. Mama Sindano alijilaumu mwenyewe, akaufumua, akaanza tena. Wa pili ulifika magotini. Aliingiza vipimo upya, akavisoma kwa sauti kama mtoto anayesoma mbele ya darasa, akabonyeza, na mashine ikafuma mkono mpaka uzi ukaisha. Kisha likatoka sweta ambalo mikono yake ilikuwa sawasawa, kifua sawasawa, lakini mahali pa shingo palikuwa pamefumwa pakafungwa, vitanzi vidogo vidogo vilivyobana, kama jeraha lililoshonwa.

Ikaja na harufu. Si ya sufu, si ya mafuta ya mashine. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbwa muda si mrefu, na ilikaa karibu na kile kiti cha tano.

Mchana mmoja umeme ulikatika mtaa mzima. Mama Sindano alijinyoosha kwenye mkeka, mlango wazi, watu wakipita nje, na usingizi ulikuwa haujamchukua sawasawa aliposikia kichwa cha mashine kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, polepole, na akawa anajiambia kwamba umeme umerudi huku akiiona feni juu yake imesimama, kisha akahisi futi yake ya kupimia, ile aliyokuwa ameitundika msumarini kwa mkono wake mwenyewe, ikipita chini ya mgongo wake, ikizunguka kifua, ikikutana mbele na kubana kidogo, kwa adabu, kama anavyobana fundi cherehani anayemjali mteja, ikatulia hapo kwa muda wa pumzi moja ambayo hakuweza kuivuta, halafu ikalegea na kuondoka kama inavyoondolewa kwa mtu ambaye vipimo vyake si vinavyotafutwa.

Alipoweza kuinuka alikwenda dukani kwa Waya bila viatu.

Waya hakumcheka. Alikuja, akaizima kompyuta, akang'oa kipande cha Kimya, akaiwasha. Haikuamka. Akachomoa nyaya zote akaziweka sakafuni, na ilikuwa hivyo, nyaya zikiwa sakafuni, kioo kilipowaka chenyewe na kuandika maneno mawili: *Nimfumie nani?*

"Dada," Waya alisema kwa sauti ya chini, "toka nje taratibu. Usikimbie."

Mganga waliyemleta aliitwa Tabibu. Alikuja mchana, bila mkoba wala mbwembwe, akaketi kwenye kiti cha Kimya. Alipoambiwa kilikuwa cha nani alihama upesi, akaketi sakafuni. Alikaa muda mrefu akiisikiliza ile mashine. Kisha aliwaeleza, na wote wanne walikuwepo, kwamba huyo ni jini wa kazi. Marehemu alikuwa amepatana naye: nifanyie kazi inayonishinda, na mwisho nitavaa utakachonifumia. Lakini marehemu aligongwa na gari, akaenda zake kabla vazi halijaanza. Jini kabaki na kazi isiyo na mwenyewe. Anafuma mikono isiyokwisha kwa kuwa hajui mkono wa nani. Anafunga shingo kwa kuwa hajui kichwa cha nani.

"Tuzichome basi, mashine na kompyuta," alisema Mpiga Chapa.

"Mkizichoma atajichagulia, na humu ndani wamo watoto." Tabibu aliuliza kama ni kweli kwao kila kipande huandikwa jina la anayekijibia. Wakasema ndiyo. "Basi dawa mnayo wenyewe. Kirudisheni kipande mahali pake, na aliye hai aandike jina lake juu yake, amwambie, mimi ndiye mwenyewe, maliza kazi yako uende."

"Akishamaliza?" Waya aliuliza.

"Mwenyewe atavaa."

"Halafu?"

Tabibu alitazama miguu yake. "Halafu jini ataondoka," alisema.

Mama Sindano alikuwa akimtazama mdogo wake, maana alimjua: alikuwa mtu wa kujitokeza kabla hajaitwa, na tayari midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka. Mama yao alimwachia Waya mikononi akiwa hajaota meno ya mbele. Alimshika mkono akaubana, naye Waya akanyamaza.

Aliyesema ni Mzee wa Simu. Alisema yeye ndiye aliyeamua kipande kiachwe, mke wake alishatangulia, wanawe wako mbali na hawapigi hata simu, jambo ambalo kwa mtu kama yeye ni kichekesho. Alisema amekula chumvi ya kumtosha. Mama Sindano alipiga magoti mbele yake, akalia, akamwita baba. Mzee alimwinua na kumwambia basi, mama, basi.

Tabibu aliwatoa wote uani. Mlango ulifungwa. Walimsikia Mzee akigonga kibodi, akiacha, akigonga tena. Kisha walisikia sauti yake ikinong'ona, wasisikie anachosema. Kisha mashine ikaanza, na safari hii haikusitasita, ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayejua kwake ni wapi, jua likateremka nyuma ya paa la jirani na kuku wakaingia bandani, nayo bado inakwenda na kurudi, na Mpiga Chapa, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikaa ameshika mashavu, na Mama Sindano alijikuta anaomba isimame, kisha anaomba isisimame, kwa kuwa ikisimama mzee wa watu atakuwa amekwisha.

Ikasimama. Mlango ulifunguliwa. Ile harufu ya udongo haikuwepo tena. Tabibu aliingia, akazunguka chumba, akasema, "Ameondoka." Hakutaka hata maji ya kunywa. Akaenda zake.

Waya na Mpiga Chapa walibaki uani wakicheka kwa sauti kubwa kama watu waliotoka kunusurika ajalini. Mpiga Chapa alikuwa amerudia mizaha yake. Alimwambia Waya sasa wamtafutie mzee mchumba, maana wajasiri hawapatikani.

Ndani, sweta lilikuwa limelala mbele ya mashine. Lilikuwa na shingo. Lilikuwa zuri kuliko lolote alilowahi kufuma Mama Sindano. Mzee wa Simu alikuwa ameketi, ameligeuzia mgongo.

"Lichome, mama," alisema. "Usilikunjue."

Lakini mkono wa mfumaji hauwezi kuona sweta usilishike. Alilikunja kama anavyokunja masweta yote, mkono juu ya mkono, na mkono wa kushoto ukaonekana mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Waya alianguka kutoka paani akiwa mtoto, akivuta waya wa antena, na mkono wake wa kushoto uliungwa vibaya, ukabaki mfupi. Tangu siku hizo hakuna sweta alilofumiwa na dada yake ambalo halikupunguzwa hapo hapo.

Alipima tofauti ile kwa vidole vyake. Kisha alisema polepole, "Mzee, hebu livae."

"Na joto hili?"

"Umeandika jina la nani?"

"Lilitakiwa la mtu aliye hai."

"Nimekuuliza la nani."

Mzee wa Simu aligeuka. Alikuwa analia, na uso wake ulikuwa mdogo kama wa mtoto. "Nilianza kuandika langu. Wallahi nilianza. Mikono ikakataa, mama. La kwake liko juu ya vipande vingi mle ndani. Nikaona moja zaidi halitaonekana."

Nje Waya alikuwa bado anacheka.

Mama Sindano hakumpigia mzee kelele. Hakumwambia neno jingine, siku hiyo wala baadaye. Alilifumua lile sweta kitanzi kwa kitanzi mpaka likawa uzi, akauchoma uzi uani, akakaa kando ya moto mpaka majivu yakapoa, kisha akayamwaga chooni. Waya alipomuuliza anachoma nini alimwambia uzi mbovu. Alimkataza kuvaa kitu chochote cha sufu. Waya alimwuliza kama amezeeka ghafla kiasi hicho.

Masweta ya shule yalitoka yote bila kasoro. Mama Sindano aliyakabidhi kwa wakati na akapewa oda nyingine. Mfumo ulipelekwa kwa wenzao wa miji mingine, nao waliandika kushukuru. Walisema kompyuta zao zimefufuka, na walikisifu hasa kile kipande chenye jina la Waya. Mzee wa Simu aliwajibu mmoja mmoja kwa niaba ya kikundi.

Aliyekuja kumwarifu Mama Sindano ni Mpiga Chapa. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia, na hakuwa na mzaha.

Waya alifariki Jumatano asubuhi, dukani kwake, akiwa amevaa sweta ambalo dada yake hakulifuma.